Mstari Mwekundu kwenye Saa ya Moto

Mwaka ule mahindi yalikataa kukauka. Yalikomaa vizuri, punje zimejaa, lakini ukungu ulishuka ukakaa kama mgeni aliyesahau kwao. Chini kule Same vumbi tupu. Huku kwetu juu mlimani nguo ilikaa kambani siku nne, na bado ukiikamua inatoa maji. Mahindi ya kula hayana shida, unayapika makande hata yakiwa na unyevu. Mbegu ndiyo tabu. Mbegu mbichi ukiiweka darini inaoza, na nyumba arobaini za kijiji chetu zilikuwa zimetoka kwenye njaa. Mbegu iliyokuwepo ndiyo hiyo hiyo. Vuli ikifika bila mbegu, hakuna mwaka mwingine.

Kwa hiyo kila nyumba ilibeba mbegu yake, wengine debe, wengine kibuyu tu, wakaipeleka kwenye nyumba ya kukaushia ya baba mkwe wangu, Mzee Melkizedeki.

Nyumba ile ilijengwa na mlowezi wa Kijerumani kwa ajili ya kahawa yake, kabla Waingereza hawajaitwaa nchi. Sakafu yake ilikuwa bamba la chuma lililolazwa juu ya tanuri la mawe. Moto unauchochea chini, joto linapita kwenye chuma, nafaka unaitandaza juu. Ukutani kulikuwa na saa, ila haikuwa ya kuangalia wakati. Ilikuwa na mshale mmoja tu, nao ulionyesha ni joto kiasi gani linapita kwenye lile bamba, kila mita moja ya mraba, kwa kila saa moja. Wenye kusoma waliliita jambo hilo kwa jina refu. Sisi chombo chenyewe tulikiita saa ya moto, tukamaliza.

Baba mkwe alikuwa mchochea moto tangu ujana wake. Mjerumani alipoondoka, ufunguo ukabaki kiunoni mwake. Hakujua kusoma, lakini namba za saa ile alizijua kama majina ya mbuzi wake. Alikuwa akisema, "Mia tano ni mahindi ya ugali. Mia mbili sabini ni mbegu. Sifuri, nenda kalale."

Mwaka wa njaa boriti iliyoliwa na mchwa ilianguka juu ya saa ikaivunja. Tukapeleka habari kwa bwana shamba kule Same. Miezi ikapita. Mahindi yalipokuwa yamesharundikana, akaja karani wake, kijana anaitwa Asheri, amebeba saa mpya begani ndani ya gunia, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi.

"Hodi hapa! Mzee yupo?"

"Karibu. Amekwenda ndiva kufungulia maji, leo ni zamu yetu," nikamwambia. Ndiva ni lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, na zamu ya maji mtu haachi hata akifiwa.

"Wewe unasoma?"

"Nimefika darasa la nne, kule kwetu Gonja."

"Afadhali. Nimepita nyumba tatu natafuta mtu wa kusoma." Akaifunga saa ukutani, akatoa karatasi, akaandika akiwa ameiegemeza kwenye goti. "Sikiliza, dada. Saa hii ni ya Kiingereza. Ile ya zamani ilihesabu kalori kwenye mita. Hii inahesabu bitiyu, kipimo cha joto cha Waingereza, kwenye futi. Namba ya mzee msiilete hapa hivi hivi. Igaweni kwanza kwa mbili nukta saba. Umesikia? Kugawa."

"Kwa nini mbili nukta saba?"

"Ndivyo alivyosema bwana shamba. Mimi nimebeba chuma hiki kutoka Same. Hesabu ninayoijua ni ya magoti yangu." Akacheka, akanywa maji, akateremka kabla ukungu haujamfungia njia.

Sasa, wajukuu zangu, lazima niwaeleze jambo moja, maana ninyi siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu mnapigana utani. Mimi nilikuwa mkamwana. Mume wangu Filemoni alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, anapanda nyumbani mara moja kwa miezi mitatu. Nyumba ile ilikuwa ya baba mkwe na mama mkwe, Mama Ernesta. Baba akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Neno langu kwake lilipitia kwa mama, hata kama tumekaa watatu ndani ya chumba kimoja na masikio yake mazima. Ndivyo heshima ilivyokuwa, na mimi niliipenda, maana baba yule hakuwahi kunitamkia neno baya.

Jioni, kabla ya chakula, nikasoma karatasi. Mama Ernesta akakaa katikati.

"Mama, mwambie baba, karani anasema ile namba ya zamani igawanywe kwa mbili nukta saba."

"Anasema namba igawanywe," mama akasema.

"Wagawiwe akina nani?" baba akauliza, akinyoosha miguu. "Mwambie mwanangu, moto si nyama ya harusi. Mia mbili sabini ilikausha mbegu za baba yake Lukasi wa jirani, zikaota hadi njiani zilikodondoka. Mahindi ni yale yale. Moto ni ule ule. Au Mwingereza amekuja na kuni zake?"

Mama akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Karatasi nikaikunja. Asubuhi yake baba akachukua rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa kanisa, akapiga mstari mwekundu kwenye kioo cha saa, penye mia mbili sabini.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa vitendawili tangu utoto, na jambo nisilolijua jibu lake lilikuwa halinipi usingizi. Kwa nini mbili nukta saba? Nikachukua mkaa, nikachora mraba wa mita moja kwenye sakafu ya jiko, kwa utepe wa fundi cherehani. Ndani yake nikapanga miraba ya futi moja moja. Tatu kwenda, tatu kushuka, tisa. Pembeni pakabaki vipande. Nikaviunganisha kwa macho, jumla ikakaribia kumi na moja, kasoro kidogo. Nyuma ya saa mpya palikuwa na kibao chenye maandishi madogo, nacho kilisema bitiyu nne ni sawa na kalori moja. Basi nikachukua punje za mahindi. Kalori mia mbili sabini, kila moja punje nne: elfu moja na themanini. Sikuwa na punje za kuchezea kiasi hicho, nikaziandika tu ukutani. Elfu moja na themanini nikazigawa kwenye ile miraba kumi na moja kasorobo. Kila futi ikapata mia moja.

Mia moja! Nilikaa chini nikiwa na mwanangu Lydia mgongoni. Joto lile lile ambalo saa ya zamani ililiita mia mbili sabini, saa hii mpya inaliita mia. Na mshale ukifika penye mstari wa baba, kwa hesabu ya zamani ni mia saba na zaidi. Hata mahindi ya ugali hayakuwahi kupewa moto huo.

Sasa nimwambieje? Nimtume mama tena? Mama Ernesta alikuwa mwerevu kwa mambo mengi, lakini ningemwambia habari ya miraba kumi na moja kasorobo, angefikisha kwa baba: "Anasema moto uwe mdogo." Na baba angesema alichosema.

Ndipo nikajiona mjanja.

Kesho yake ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, watu wote wamekaa barazani kwenye nyumba ya kukaushia wakipukuchua mahindi, ukungu umetuzunguka hatuoni hata mgomba wa jirani. Kazi ya namna hiyo haiendi bila vitendawili. Na kwenye vitendawili, kwetu, hakukuwa na mkwe wala mkamwana. Anayetega anatega, anayetegua anategua. Nikasubiri zamu yangu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wazee wawili wameota moto mmoja. Mmoja amehesabu mia. Mwenzake amehesabu mia mbili sabini. Wala hakuna aliyesema uongo."

Lukasi, jirani yetu mwenye mdomo, akaruka wa kwanza. "Hao ni mchungaji na padri wanahesabu waumini!"

Kicheko. "Hukupata," nikamwambia. "Hao wote wawili ni waongo."

Wakazidi kucheka. Mama mmoja akasema ni miaka ya bibi yake. Hukupata. Nikamwona baba mkwe ameacha gunzi mkononi, amefumba jicho moja, anafikiri. Mia mbili sabini nimeitaja wazi kabisa, ni namba yake mwenyewe, ameipaka rangi jana. Ataiona. Sasa hivi ataiona.

"Nimekipata!" akapiga paja. "Ni mwenye harusi na mpishi wake! Mmoja amealika mia, mwenzake amelisha mia mbili sabini!"

Watu walianguka. Lukasi alilala kabisa juu ya mahindi. "Mzee, ni harusi yako hiyo! Mimi nilikuwemo kwenye wale mia na sabini wasioalikwa!" Baba naye akicheka hadi machozi, anasubiri neno langu, uso umemng'aa kama mtoto aliyepewa tuzo.

Ningesema, "Hukupata, baba." Maneno mawili. Watu wangesema, "Tupe jibu, twakupa mji," ningepewa mji, ningetoa jibu mbele ya kijiji kizima, na mambo yangekwisha pale. Lakini kumwambia baba mkwe mbele ya watu wote kwamba hakupata, na yeye amefurahi vile? Na jibu lenyewe lilikuwa zuri, zuri kuliko langu.

"Umepata, baba," nikasema.

Siku ile ile alasiri moto ukawashwa.

Walichochea siku tatu. Siku ya pili ilikuwa zamu yangu kupeleka kuni. Niliingia chumba cha tanuri, nikainua macho kwenye saa: mshale umekaa juu ya mstari mwekundu, umetulia. Harufu iliyokuwa inashuka kutoka juu haikuwa ya mbegu, ilikuwa ya bisi. Nikavuta magogo mawili nikayaweka pembeni. Nilikuwa sijatoka mlangoni, baba akaja, akayaona.

"Nani anaiba moto wangu?" akasema kwa utani, akitazama ukuta, asinitazame mimi. Akayarudisha kwa mguu. "Watu wamenikabidhi mbegu. Ikibaki mbichi watasema Melkizedeki amezeeka."

Nikaondoka. Nilikuwa na mdomo, na hatukuwa na mtu mwingine mle ndani, na nikaondoka.

Mbegu zikagawanywa, kavu, nyepesi, rangi ya dhahabu. Watu walifurahi. Mimi nikachukua punje kumi za kwetu, nikazifunga kwenye kitambaa chenye maji, nikaficha chini ya kitanda. Pembeni nikafunga punje tano nyingine, za hindi lililokuwa limening'inia juu ya moshi wa jiko. Siku ya nne zile tano zilikuwa zimetoa mikia. Siku ya saba, zile kumi zilikuwa zimevimba tu, zinateleza, zinanuka.

Vuli ilikuwa inanguruma tayari upande wa bondeni. Nikampa mama mkwe mtoto amshike, nikaenda moja kwa moja hadi alipokuwa baba, anachonga mpini wa jembe nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akageuza uso pembeni. "Kulikoni? Mama yako hayupo?"

"Yupo. Nimekuja mwenyewe." Nikaweka vitambaa viwili chini, nikavifungua.

Akaokota punje moja ya zile kumi, akaibonyeza kwa ukucha. "Siku ngapi?"

"Saba."

"Maji umetia?"

"Kila asubuhi. Hizi tano ni za jikoni, maji ni hayo hayo."

Akaiweka punje chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Halafu kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama usoni. "Ulijua lini, mwanangu?"

"Kabla ya siku ya kupukuchua, baba."

"Kile kitendawili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo jibu halikuwa harusi."

"Halikuwa, baba."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nilifurahi siku nzima kwamba nimekipata."

Wajukuu zangu, nimesikia matusi katika maisha yangu, nimesikia na laana. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Akaniambia nimwonyeshe. Nikachora kwa kijiti pale pale kwenye udongo, mraba mkubwa na midogo ndani yake. Hakunikatiza. Nilipofika penye mia, akachukua kijiti mkononi mwangu, akahesabu mwenyewe mraba kwa mraba, midomo inacheza. "Kumbe," akasema. "Mita imebeba futi mgongoni. Kitu kidogo hivi." Kisha akavaa koti lake, akaenda nyumba kwa nyumba, zote arobaini, kuwaambia watu wasipande.

Jumapili baada ya ibada watu hawakuondoka uwanjani. Lukasi hakuwa na mzaha siku hiyo. Alikuwa na watoto sita.

"Mzee, karani wa Same alileta karatasi. Mimi mwenyewe nilimwona anateremka. Karatasi ilisema nini?"

Nikahisi Mama Ernesta ananitazama. Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu, Lydia mgongoni. Nikajua zamu yangu imefika. Nikajua kabisa.

"Karatasi niliikunja nikaiweka mfukoni," baba mkwe akasema. "Sikumpa mtu aisome."

"Una mkamwana msomi ndani ya nyumba, ukaikalia karatasi?"

"Niliikalia."

Akasimama vile vile mikono nyuma, akayapokea yote. Wapo waliomwonea huruma, wapo waliomwita muuaji. Mimi nilitazama chini. Nilihesabu vidole vya miguu yangu, nikavihesabu tena. Kama angenigeukia ningesema, ndivyo nilivyojiambia. Hakugeuka.

Mbegu zile tulizila. Ndiyo chakula kilichokuwepo, tukazipika makande, zikiiva upesi kwa sababu zilikwisha kuiva. Wanaume wakateremka Same kutafuta mbegu, wengine wakaenda hadi Usangi. Kaka zangu wa Gonja walitupa madebe mawili, baba akayagawa kibuyu kibuyu kwa wenye watoto wengi, ya kwanza kwa Lukasi, sisi tukabaki na viganja vichache. Mvua haikumsubiri mtu. Nusu ya mashamba yalilala na majani. Familia tisa zilifunga milango zikateremka kwenye mkonge, na nne kati yao hazijapanda tena mlimani hadi leo. Baba mkwe alipachikwa jina. Mzee Bisi. Watoto wakimwimbia kwa nyuma, naye akipita kama hasikii.

Mwaka uliofuata, mahindi yalipokomaa, alikwangua mstari mwekundu kwa kisu, akapiga mwingine penye mia. Akafagia bamba, akawasha moto, akakaa barazani tangu asubuhi. Watu walipita na mahindi yao wakienda kuyaanika kwenye miamba, wakamwamkia, wakaendelea na safari. Siku ya tatu nikajitwika debe letu nikateremka nalo.

"Mama yako amekutuma?" akauliza.

"Nimekuja mwenyewe, baba."

Akaitandaza mbegu kwa viganja, debe moja katikati ya bamba lote lile, akarudi chini kukaa na mshale. Hakula mchana.

Iliota yote. Sijaona mahindi yaliyoota sawasawa vile, mistari kama ya daftari. Lukasi alisimama kwenye njia akashika kiuno.

"Mama Lydia! Yangu yameota moja moja kama meno ya kizee, na yako haya? Mbegu umekaushia wapi?"

Baba mkwe alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anapalilia. Jembe lilisimama. Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini nilijibu nilivyojibu. Labda niliogopa kwamba neno moja lingevuta jingine, hadi ile karatasi.

"Jikoni," nikasema. "Juu ya moshi."

"Una mkono wa mbegu, mama," Lukasi akasema, akaenda zake.

Baba mkwe akasubiri kidogo. Kisha akainama, akang'oa gugu lililokuwa mbele yake, akalikung'uta udongo, akasogea kwenye mstari mwingine.